Muuguzi wa Mtaa Nchini Uholanzi

Mwaka 1875 Jacobus Penn, mkaguzi wa afya wa jimbo la Noord-Holland, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha Het Witte Kruis, yaani Msalaba Mweupe, kupambana na magonjwa ya mlipuko. Vyama vya aina hiyo vikaenea Uholanzi nzima. Familia zililipa ada ya mwaka. Nyumba ikipata mgonjwa, iliazimwa kitanda au magongo, na muuguzi wa mtaa akafika kwa baiskeli. Yeye huyo mmoja ndiye aliyemwogesha mzee, akamfunga kidonda, akajua ni jirani gani anayekaa na ufunguo.

Mwaka 1980 bima ya taifa, AWBZ, ilianza kugharimia kazi hiyo. Ilikuwa hatua njema. Kilichoharibu mambo kilikuja miaka ya 1990, vyama vilipounganishwa kuwa mashirika makubwa na kazi ikakatwa vipande: kuogesha, sindano, kuvalisha soksi za kubana miguu, kila kimoja na dakika zake na bei yake. Milangoni zikabandikwa stika za msimbopau, muuguzi akizisoma kwa mashine aingiapo na atokapo. Mwenye elimu kubwa alitumwa kudunga sindano, wa malipo madogo akatumwa kuogesha. Mzee akawa anavuliwa nguo na mgeni baada ya mgeni. Huko ni kumvunjia mtu heshima, hata kama hesabu za ofisi zinakwenda sawa.

Jos de Blok, muuguzi aliyewahi kuwa meneja katika mfumo huo, aliuacha na kuanzisha shirika la uuguzi wa nyumbani, Buurtzorg, mwaka 2006. Mwaka uliofuata timu ya kwanza, wauguzi wanne, ilianza kazi katika mji wa Almelo. Timu haizidi watu 12, haina bosi. Wenyewe hupanga zamu na kuajiri wenzao. Ziara ya kwanza ni kahawa na mazungumzo: watoto wako wapi, jirani gani husaidia, soksi unaweza kuzivaa mwenyewe ukifundishwa? Uchunguzi wa kampuni ya Ernst & Young wa 2009 ulikuta wateja wa Buurtzorg wakitumia chini ya nusu ya saa walizoidhinishiwa. Baadaye wauguzi wake walifikia takriban 10,000, ilhali makao makuu yalibaki na watumishi wasiofika mia.

AWBZ ilifutwa 2015. Uuguzi wa nyumbani ukahamia bima ya afya, ilhali usafi wa nyumba ulikuwa chini ya halmashauri tangu 2007. Mzee mwenye kidonda asiyeweza kufagia bado anabisha hodi milango miwili.