Stauti ya Malkia Catherine, na sufuria za jikoni

Wengi wetu tukisikia bia nyeusi tunawaza Guinness, basi. Kumbe ina dada yake mkubwa, mweusi kama lami, mwenye kileo cha asilimia 10 hivi. Waingereza huiita stauti ya kifalme ya Kirusi. Nimekuwa nikisoma historia yake wiki hii nzima, na si kwa sababu ya kiu (teh teh).

Twende London ya karne ya 18. Kinywaji cha wapagazi na vibarua kilikuwa pota, bia nyeusi ya bei nafuu. Kule Southwark, kusini ya mto Thames, kulikuwa na kiwanda cha Anchor, mali ya Henry Thrale. Alipofariki mwaka 1781, mmoja wa wasimamizi wa mirathi alikuwa Samuel Johnson, ndiyo, yule yule wa kamusi! Kiwanda kikauzwa kwa pauni 135,000 na kuwa Barclay Perkins. Mwaka 1796 mchoraji Joseph Farington aliandika katika shajara yake kwamba ameonja pota ya kiwanda hicho, akaambiwa imepikwa maalumu kwa ajili ya Malkia Catherine wa Urusi na inaweza kukaa miaka saba.

Utasikia watu wakisema ilifanywa kali ili isigande njiani. Mimi siamini. Bia ya asilimia 10 nayo huganda, nyuzi chache tu chini ya sifuri. Tena bandari ya St Petersburg ilifungwa na barafu wakati wa baridi, meli zingepita wapi? Nadhani jibu ni jepesi zaidi: bia kali haiharibiki haraka, na matajiri wa Urusi waliipenda hivyo.

Sasa mpishi wa nyumbani anaingiaje hapa? Mwaka 1880 Waziri Mkuu Gladstone alihamisha kodi kutoka kwenye kimea kwenda kwenye bia yenyewe, na mtu wa kawaida akatakiwa kukata leseni ili apike bia jikoni kwake. Miaka 83! Mwaka 1963 ndipo waziri wa fedha, Reginald Maudling, alipoifuta. Marekani walichelewa zaidi: Rais Carter alisaini sheria ya kuwaruhusu mwaka 1978.

Baada ya ruhusa ile, wapenzi wa bia magharibi ya London walianzisha klabu, Durden Park Beer Circle, mwaka 1971. Hawa jamaa walinifurahisha sana. Walichimbua mapishi ya zamani ya viwanda, wakapunguza vipimo kutoka mapipa mamia hadi galoni moja, yaani lita nne na nusu, wakapika, wakaonja, na mwaka 1976 wakatoa kitabu. Stauti kubwa haitaki haraka. Kwa lita 20 unahitaji kimea cha shayiri kilo nane hadi kumi, kiasi kidogo kikiwa kimekaangwa hadi kuwa cheusi (mashine ya kukaangia hivyo Daniel Wheeler aliipatia hataza mwaka 1817), hopsi nyingi za kuleta uchungu, na hamira yenye nguvu, maana sukari ikizidi na kileo kikipanda, hamira dhaifu huchoka katikati ya safari. Kisha unafunga chupa na kuzisahau mwaka mzima.

Hapo nikawakumbuka mama zetu wa Kilimanjaro. Mbege nayo ina kimea, cha ulezi. Uchungu unatoka kwenye gome la msesewa badala ya hopsi. Ufundi ni ule ule. Ila makarani wa London waliandika kila ratili kwenye vitabu, na vipimo vya mbege vingi vimo vichwani mwa wazee. Mwenye bibi Marangu au Machame akae naye Krismasi hii na daftari, jamani.

Barclay Perkins iliungana na Courage mwaka 1955, na stauti ya Warusi ikaendelea kupikwa hadi 1993, ikaachwa. Kampuni ya Wells & Young's ikairudisha mwaka 2011. Katika ile miaka 18 ya katikati, aliyeitaka alikuwa na njia: kuwasha jiko na kuipika mwenyewe.