Kambi Iliyoamua Kualika Wageni

Mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua za msimu hazijashika kasi, minibasi zinazotoka Lilongwe kwenda Dowa hujaa kuliko kawaida. Zinashika barabara kuu ya M1 kuelekea kaskazini, zinakata kulia kama zinakwenda Dowa Boma, na baada ya mwendo usiofika kilomita 60 abiria wanateremka Dzaleka. Wengi ni vijana wa mjini, wanafunzi, na familia zilizokuja na watoto. Wameingia kambi ya wakimbizi kwa hiari yao, tena kwa furaha: wamekuja kucheza ngoma, kula, na baadhi yao kulala hukohuko.

Tamasha linalowavuta linaitwa Tumaini. Lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2014, na aliyelianzisha ni mshairi na mwanamuziki kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana jukwaani kwa jina la Menes La Plume. Naye aliingia Malawi akiwa mkimbizi. Kiingilio ni bure tangu mwanzo, na jukwaa ni la pamoja: wasanii wa kambini na wanamuziki wa Malawi wanapokezana kipaza sauti mbele ya umati uleule.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, lazima kurudi nyuma hadi siku ambazo hakuna aliyekwenda Dzaleka kwa kupenda.

Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa gereza. Walifungwa humo watu walioshukiwa kuipinga serikali ya chama kimoja, pamoja na Mashahidi wa Yehova, ambao dini yao ilipigwa marufuku mwaka 1967 na ambao waliteswa kwa kukataa kununua kadi ya chama tawala. Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi, na Mei 1994 Banda akaanguka kwenye uchaguzi. Mwaka huohuo Rwanda ilikuwa ikiangamia, Burundi inawaka moto, na watu walikuwa wakishuka kusini kutafuta pa kujificha. Serikali ya Malawi na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, wakafungua Dzaleka kama kambi.

Malawi haikuwa ngeni katika kazi hiyo. Wakati huo ilikuwa ikiwaaga Wasumbiji waliokimbia vita vya kwao, zaidi ya milioni moja, katika nchi ambayo yenyewe haikuwa na wananchi milioni kumi. Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na mpaka wa kisheria. Ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Desemba 1987, Malawi iliweka masharti yake kuhusu ajira, mali na uhuru wa kutembea. Mkimbizi angepokelewa, lakini angekaa kambini.

Basi wakakaa. Baada ya Wanyarwanda na Warundi, vita vya Kongo vilileta watu wa Kivu na Katanga, wakafuatiwa na Wasomali na Waethiopia, wengi wao wakiwa njiani kuelekea Afrika Kusini. Kambi iliyopangwa kubeba watu kati ya 10,000 na 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000. Wapo watu wazima waliozaliwa Dzaleka na ambao hawajapata kuiona nchi iliyoandikwa kwenye karatasi zao. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kanisani, kikiwa na lafudhi ya Uvira hapa na ya Bujumbura pale, kikichanganyika na Chichewa cha majirani wanaokuja kuuza mahindi na kununua vitenge.

Hapo ndipo ilipo akili ya tamasha. Ikiwa watu wa kambi hawaruhusiwi kwenda mjini wapendavyo, mji unaweza kuitwa kambini.

Ratiba za tamasha zinakutanisha vitu ambavyo kwa kawaida vingehitaji safari ya nchi nne. Wapiga ngoma wa Kirundi huingia na magogo mazito kichwani. Sanaa hiyo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, mwaka uleule wa Tumaini ya kwanza. Nchini Burundi kwenyewe, amri ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo na kuagiza kila onyesho lisilo la serikali liombewe kibali; Dzaleka iko nje ya amri hiyo. Kuna intore ya Kinyarwanda, yenye mikuki na mashungi meupe, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2024. Kuna rumba ya Kikongo, iliyotambuliwa 2021. Wenyeji wa Dowa ni Wachewa, na wao wana Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago inayochezwa kwenye misiba, unyago na kusimikwa kwa machifu, iliyo kwenye orodha hiyo tangu 2008.

Afrika Mashariki inavijua vijiji vya utamaduni. Dar es Salaam ilifungua Kijiji cha Makumbusho mwaka 1967, Nairobi ikajenga Bomas of Kenya mwaka 1971, na huko Mua, wilaya ya Dedza nchini Malawi, padri Claude Boucher akaanzisha kituo cha Kungoni mwaka 1976. Kazi yao ni njema: wamehifadhi nyumba, vinyago na ngoma ambazo zingepotea. Lakini nyumba za Makumbusho zimejengwa zitazamwe. Za Dzaleka zina wenyewe.

Anayetaka kulala kambini wakati wa tamasha hupangiwa familia. Hupika na wenyeji, sombe kwa ugali au chapati kwa maharage, huzungushwa sokoni, kisha hulala chini ya paa lao. Usiku atasikia habari za safari yao iwapo mwenye nyumba ataamua kuzisimulia.

Uamuzi huo wa mwenye nyumba una thamani kubwa, na kaskazini mwa Thailand kuna mfano wa kuogofya wa mahali ulipokosekana. Wakayan waliikimbia Burma miaka ya 1980 wakapiga kambi mkoani Mae Hong Son. Kwa kuwa wanawake wao huvaa pete za shaba ya njano zinazoifunika shingo yote, makazi yao yaligeuzwa vijiji vya kitalii: mgeni hulipa kiingilio, hupiga picha, huondoka. Mwaka 2008 UNHCR ililalamika hadharani kwamba Wakayan waliokwisha kukubaliwa kuhamia New Zealand na Finland walikuwa wakinyimwa vibali vya kutoka. Wakimbizi walikuwa wamekuwa bidhaa, na bidhaa haipewi ruhusa ya kuhama.

Dzaleka imejiepusha na hilo kwa kuwa wanaoamua nani apande jukwaani na mgeni alale wapi ni wakimbizi wenyewe. Lango, hata hivyo, bado liko mikononi mwa dola. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi kambini. Kuanzia Mei polisi waliwakamata wafanyabiashara na familia zao, watoto wakiwamo. Maduka ya Lilongwe yaliyofunguliwa kwa jasho la miaka yakafungwa, na wenye maduka wakajikuta Dzaleka wakitafuta pa kulala. Novemba ya mwaka huo tamasha lilifanyika kama kawaida, na watu wa Lilongwe wakaja kama kawaida.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Uganda, kwa sheria yake ya 2006, inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2021, na Machi 2025 ikazindua mpango wa kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi ya kawaida. Malawi nayo haihitaji safari ndefu ili kuanza: mkataba wa 1951 unairuhusu nchi yoyote kuondoa masharti yake wakati wowote kwa kumwarifu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Ikifanya hivyo, kisha ikairekebisha sheria yake ya ndani, mama wa Dzaleka aliyempikia mgeni sombe mwezi Novemba ataweza kupanda minibasi mwezi Desemba na kwenda kumtembelea Lilongwe.