Pampu ya Moyo na Deni la Mishipa

Agosti 1966, mjini Houston, Texas, daktari Michael DeBakey alimwekea mwanamke mmoja pampu ya kusaidia upande wa kushoto wa moyo uliokataa kufanya kazi baada ya upasuaji. Pampu ilisukuma damu kwa siku kumi, moyo ukapata nafuu, ikaondolewa, na mgonjwa akapona.

Wahandisi wa zama hizo waliiga moyo ulivyo: pampu ijae damu, ibane, kisha ijae tena. Mwaka 2001 utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wagonjwa 129 ambao hawakufaa kupandikizwa moyo ulithibitisha faida yake. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya waliowekewa pampu walikuwa hai, dhidi ya asilimia 25 ya waliotumia dawa peke yake. Hata hivyo, pampu hizo zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, zilipiga kelele na zilichakaa upesi.

Njia nyingine ilikuwa imeanzia Misri. Huko, katika miaka ya 1970, daktari Mmarekani Richard Wampler aliwaona wanakijiji wakipandisha maji ya mto kwa parafujo ya Archimedes, akajiuliza kama damu nayo ingeweza kusukumwa kwa kuzungushwa. Wengi walimwambia chembe za damu zingesagika. Mwaka 1988, pampu yake ndogo, iliyozunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, ilitumika kwa binadamu huko Houston, na damu haikusagika kama walivyohofu. Warithi wake walienea baadaye: HeartMate II, yenye uzito usiofika gramu 300, iliidhinishwa Marekani mwaka 2008.

Pampu hizi husukuma damu bila kukatiza. Ukimshika mgonjwa kifundo cha mkono, mara nyingi husikii mapigo, na kipimo cha kawaida cha shinikizo la damu hushindwa kusoma. Muuguzi hulazimika kusikiliza mtiririko kwa kifaa cha mawimbi ya sauti.

Wagonjwa waliishi, lakini walipopanda ngazi pumzi iliwaishia. Vipimo vilionyesha kwamba wengi wao, wakijikaza hadi mwisho, hutumia takriban nusu tu ya oksijeni inayotarajiwa kwa mtu mwenye afya wa umri wao. Sehemu ya lawama ni ya pampu, kwa kuwa kasi yake imepangwa na haipandi mgonjwa anapoanza kukimbia. Sehemu nyingine ni ya misuli iliyodhoofu kwa ugonjwa wa muda mrefu, na ya mishipa yenyewe.

Utando wa ndani wa mshipa hutoa oksidi ya nitriki, ambayo huutanua mshipa ili misuli ipate damu zaidi. Ugunduzi kuhusu kazi ya gesi hiyo ulituzwa Nobel mwaka 1998. Kuupima utando huo ni rahisi: mkono hufungwa mkanda wa shinikizo kwa dakika tano, mkanda huachiwa, kisha ultrasaundi huonyesha mshipa umetanuka kiasi gani. Utafiti wa mwaka 2006 ulilinganisha wagonjwa wa pampu za aina zote mbili, ukakuta kwamba mishipa ya wale wasio na mapigo ilitanuka kwa kiasi kidogo kuliko ya wale wenye mapigo.

Pampu mpya zaidi, HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hubadili kasi kila baada ya sekunde mbili, hasa ili damu isigande ndani yake. Karibu asilimia 58 ya walioipata katika utafiti mkuu walikuwa hai baada ya miaka mitano. Hata hivyo, mtikisiko unaoletwa na mabadiliko hayo ya kasi ni hafifu ukilinganishwa na pigo la moyo.

Historia hii inatoa hukumu moja: pampu huongeza miaka, ila nguvu za kuitumia hutegemea mishipa na misuli, ambayo daktari hawezi kuipandikiza pamoja na pampu. Mazoezi yanayosimamiwa na wataalamu hayana budi kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba tangu siku mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani na betri za pampu yake.