Kati ya 3.3 na 33: ajali ya Mont Sainte-Odile, 1992

Wandugu, leo tuongee juu ya ajali moja ya Ufaransa. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Lakini kila mara nikisikia mtu anasema « hiyo ni kosa la mtu, mashine haina shida », ni hii historia njo inanirudilia kichwani.

Tarehe 20 Januari 1992, jioni, ndege ya kampuni Air Inter ilitoka Lyon kwenda Strasbourg. Safari fupi ya ndani ya nchi, watu 96. Ndege yenyewe ilikuwa Airbus A320, aina ya kisasa kabisa wakati ule: ilianza kubeba abiria mwaka 1988 tu. Rubani alikuwa anatoa amri, kompyuta inazipokea na kuzipeleka kwenye mabawa na mkia. Katika ndege nyingi kubwa za zamani, fundi alikuwa anakaa nyuma ya marubani wawili na kufuata saa na taa zote. Katika A320 kiti chake kiliondolewa. Wakabaki wawili.

Wale wawili hawakuwa wageni katika kazi. Walikuwa na maelfu ya masaa angani. Lakini ndani ya A320, kapiteni alikuwa na masaa 162, na msaidizi wake 61 tu. Kwa hiyo, ndege mpya, na watu wawili ambao bado wanaizoea.

Sasa tuangalie kazi yenyewe, juu hapo njo kiini cha mambo. Wakati wa kushuka, rubani anaweza kuachia mashine iendeshe, yeye anaiambia tu ishuke namna gani. Kuna njia mbili. Ya kwanza, anaipa pembe: shuka kwa mteremko wa digrii kadhaa. Ya pili, anaipa mwendo: shuka futi kadhaa kwa kila dakika. Katika A320 ya wakati ule, njia zote mbili zilitumia kifundo kimoja cha kuzungusha na kidirisha kimoja cha tarakimu. Kitufe pembeni njo kilichagua njia.

Ukitaka mteremko wa digrii 3.3, kidirisha kiliandika -3.3. Ukitaka futi 3,300 kwa dakika, kiliandika -33, sababu sifuri mbili za mwisho hazikuonyeshwa. Angalieni vizuri: tofauti iko kwenye nukta moja, pamoja na alama ndogo za kuonyesha njia iliyochaguliwa.

Jioni ile mambo yalibadilika mwishoni. Marubani walikuwa na mpango wao wa kutua, lakini juu ya ndege zingine zilizokuwa zinaondoka, wakakubali njia ingine. Kazi ikarundikana, tena ilikuwa giza na mawingu. Walipoanza kushuka, walihitaji karibu futi 800 kwa dakika, ndiyo ule mteremko wa digrii 3.3. Ndege ikashuka kwa mwendo wa karibu futi 3,300, mara nne zaidi. Baada ya kama dakika moja ikagonga mlima karibu na Mont Sainte-Odile, katika safu ya Vosges. Waokoaji walitumia zaidi ya masaa manne kuipata, usiku, ndani ya theluji. Watu 87 walikufa. Tisa walipona.

Tume ya uchunguzi haikupata ushahidi wa kufunga mjadala moja kwa moja. Lakini maelezo iliyoyapa uzito zaidi ni haya: marubani waliweka 33 wakiamini wako kwenye pembe, kumbe mashine ilikuwa kwenye futi. Mashine haikukataa wala haikuuliza. Ilitii.

Na kuna jambo lingine. Kifaa cha kupiga kelele ardhi ikikaribia kilikuwepo duniani miaka mingi. Ndege za Air Inter hazikuwa nacho, sababu sheria ya Ufaransa ilikuwa haijalazimisha. Marubani walikufa bila kusikia onyo.

Basi nani alikosea? Kesi ilifika mahakama ya Colmar mwaka 2006, miaka 14 nyuma. Watu sita walishtakiwa, na wote wakaachiliwa. Familia zilisubiri muda ule wote, na jibu la jinai likawa: hakuna mwenye hatia.

Lakini wahandisi nao walitoa jibu lao. Kidirisha kilibadilishwa. Mwendo wa kushuka ukaanza kuandikwa na tarakimu nne, -3300, usifanane tena na pembe. Mimi nasoma badiliko lile kama ungamo. Kama kosa lilikuwa la marubani peke yao, kwa nini kugusa kidirisha?

Tusidhani ilikuwa shida ya Airbus tu. Tarehe 20 Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa inashuka kwenda Cali, Kolombia. Marubani walitaka kituo cha redio kinachoitwa Rozo, wakaandika herufi R. Kompyuta ikaweka juu ya orodha kituo kingine, Romeo, karibu na Bogotá, zaidi ya kilomita 200 kutoka pale. Wakakubali. Ndege ikageuka kushoto, kuelekea milima. Kati ya watu 163, walikufa 159. Kosa lilikuwepo, ndiyo. Lakini mashine ilifanya lile kosa liwe rahisi na lisionekane.

Ninaandika haya juu wengi wetu tunatoka chuoni na kuingia kazini. Mmoja atatengeneza programu ya benki, mwingine fomu ya dawa hospitalini, mwingine orodha ya wapiga kura. Siku shida ikitokea, mkubwa atauliza jina la aliyebonyeza. Tujibu swali hilo, halafu tuulize la pili: ni kitu gani kilifanya kubonyeza vibaya kufanane na kubonyeza vizuri? Pale Mont Sainte-Odile swali la pili liliulizwa kwa kuchelewa, watu 87 wakiwa wameshazikwa.