Nyumba ya Masomo ya Kijiji ni ya Nani?

Leo tunauliza neno moja: nyumba ya masomo ya kijiji ni ya nani? Ugomvi mwingi unaanzia pale mtu anaposema, "Masomo haya ni yetu, si yenu."

Tuanze na zamani. Mwaka 1886 mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, kwa mfalme Msiri. Mapadri Wabenedikto walifika Katanga mwaka 1910, Wasalesiani mwaka 1911. Masomo mengi ya vijijini yalianzishwa na misioni. Lakini waliokata miti na kubeba majani ya kufunika nyumba mara nyingi walikuwa wazazi, na chakula cha katekista kilitoka katika mashamba yao.

Mwishoni mwa 1974 Leta ya Mobutu ilitwaa masomo ya makanisa. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 Leta na makanisa walitia sahihi mapatano: Leta ilipe walimu, makanisa yaongoze. Kisha pesa ya Zaire ikaanguka. Katika miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu haukuweza tena kulisha nyumba yake. Wazazi wakamlipa wao wenyewe, ndiyo ile "prime". Asiye na pesa alileta mahindi, ao alilima shamba la mwalimu.

Ndugu zangu, katika miaka hiyohiyo, 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye gare wakingojea treni. Kati yao walikuwamo walimu. Mwalimu akienda, darasa linabaki tupu kwa watoto wote, hata kwa mtoto wa yule aliyemfukuza. Ubao haujui kabila.

Sheria inasema nini? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya Leta ni ya lazima na ni ya bure. Neno hilo lilianza kutekelezwa Septemba 2019. Wazazi wengine wakasema, "Basi, kazi yetu imekwisha." Hapana. Kulipa mwalimu ni deni la Leta, na tuna haki ya kulidai kwa njia ya amani. Lakini kulinda masomo ni kazi yetu sisi.

Kwa hiyo, baba na mama, fanyeni mambo matatu. Komite ya wazazi iwe na watu wa kila kabila la kijiji, na akina mama wawemo. Hesabu ya kila franka ibandikwe ukutani, wote waisome. Na mgeni akileta mtoto wake, msimuulize ametoka wapi. Muulizeni mtoto amefika mwaka wa ngapi.

Nyumba iliyojengwa na mikono mingi haina mwenyewe mmoja. Amani ikae nanyi.