Deni la Wali Maharage: Historia Fupi ya Kula Nje Jijini Dar

Najua nimepotea kidogo, kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe. Leo nimerudi na jambo lililonikosesha usingizi tangu Jumamosi.

Tulikuwa wanne mezani, kule Masaki, sehemu ambayo taa ni hafifu kiasi kwamba ili usome menyu inabidi uwashe tochi ya simu. Tulisoma wote Mlimani, na sasa kila mtu ameshika njia yake: mmoja mwanasheria, mmoja yuko benki, mmoja anafundisha sekondari, na mimi mwandishi wenu huyu. Mhudumu alipofika, Mwanasheria akaagiza samaki, Benki akaagiza nyama na makorokoro yake, mimi nikatafuta cha bei ya chini huku najifanya nakipenda. Mwalimu akasema, "Mimi niletee soda tu, nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Wote tulijua. Benki akasema agiza bwana, leo juu yangu, na hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa, maana hakuna kitu kinachomkata mtu mzima hamu kama hicho. Mwalimu akatabasamu, akasema: "Mnamkumbuka yule mama wa pale getini? Pale sijawahi kumwona mtu akijifanya ameshiba."

Tukacheka. Halafu tukanyamaza.

Nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza. Hivi hii tabia ya kukaa kwenye meza ya watu baki na kulipia chakula, jijini kwetu imetoka wapi? Na nani aliruhusiwa kukaa? Nikapekuapekua vitabu vyangu vya chuo. Haya niliyoyapata.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili hakidanganyi. Mkahawa, au mgahawa kama tunavyosema wengi, umetoka kwenye kahawa. Kwa hiyo kwa asili ni mahali pa kunywa kahawa na kupiga soga, chakula kimefuata baadaye. Katika miji ya pwani biashara hiyo ilihusishwa sana na Washihiri, watu wa Hadhramaut kule Yemen. Yule muuza kahawa unayemsikia jioni akigonganisha vikombe vyake ni mrithi wa historia ndefu kuliko hoteli yoyote ya ghorofa. Na neno hoteli lenyewe tumelipindua: kwa Mbongo hoteli ni mahali pa kula. Ukitaka kulala unatafuta gesti.

Dar yenyewe si mji mkongwe kama Kilwa au Bagamoyo. Sultan Majid wa Zanzibar alianza kuijenga miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla ndoto yake haijakamilika. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa mwaka 1891 ndipo mji ukaanza kuchangamka. Mwaka 1906 ikajengwa hoteli ya Kaiserhof karibu na bandari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakachukua nchi, na hoteli ikabadilishwa jina kuwa New Africa. Afrika Mpya! Lakini kwa miaka mingi Mwafrika aliyeonekana humo alikuwa amebeba sinia. Mpishi, mhudumu, mfagiaji. Kuingia alikuwa anaingia, kukaa ndiyo ilikuwa kesi.

Mji wenyewe ulikuwa umekatwa vipande kama keki. Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini kuanzia Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps. Katikati ukaachwa uwanja wa wazi, Mnazi Mmoja, kuwatenga Waafrika na wengine. Sisi leo tunakatiza Mnazi Mmoja tukiwahi daladala, hatukumbuki kwamba ule uwanja ulikuwa ukuta usio na matofali.

Hata tumbo lilikuwa na rangi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chakula kilipoadimika, serikali ya kikoloni iligawa mgao kwa kufuata asili ya mtu: wali na ngano vikihesabiwa kuwa chakula cha Wahindi, mahindi chakula cha Mwafrika. Fikiria Mswahili wa pwani, aliyekula wali tangu utoto, anaambiwa na karani kwamba wali si chakula cha watu kama yeye. Nikikumbuka hilo naelewa kwa nini bibi zetu wa hapa mjini walikuwa wanaupika wali wa sikukuu kama wanatimiza kiapo.

Ila watu walikula nje hata hivyo. Kuli wa bandarini hawezi kubeba magunia na tumbo tupu. Vitumbua asubuhi, mihogo, samaki wa kukaanga, uji. Wauzaji wake hawakuwa na meza wala kibao chenye jina, walikuwa na sufuria, mafiga na sauti. Makuli hao ndio walioanzisha mgomo wa mwaka 1947 uliotikisa nchi nzima. Najiuliza mara nyingi ni akina nani waliowalisha zile siku za mgomo, na kwa mkopo gani.

Uhuru ukaja Desemba 9, 1961. Miaka minne baadaye, 1965, ikafunguliwa Kilimanjaro Hotel, jengo la kisasa likitazama bandari. Dar ya wakati huo ilikuwa na mambo, jamani. FRELIMO ilizaliwa hapa Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963. Wapigania uhuru, mabalozi, mashushushu na waandishi wa habari wa nje, akiwemo Mpolandi Ryszard Kapuściński, wote walikuwa wanapishana katika mji ambao bado ulikuwa mdogo. Kwenye meza za New Africa na Kilimanjaro watu walikuwa wanakunywa bia na kuokota habari. Sisi waandishi wa leo tunaookota habari kwenye makundi ya WhatsApp tumekosa uhondo. Lakini haikuwa sherehe tupu: Februari 3, 1969 Eduardo Mondlane aliuawa hapahapa Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa.

Kwa hiyo mwananchi sasa alikuwa na ruhusa ya kukaa. Swali likabadilika likawa: ana pesa?

Hapo ndipo tunafika kwenye sehemu ambayo wazazi wetu hawapendi kuisimulia. Azimio la Arusha, 1967. Bei ya mafuta kupanda, 1973. Ukame wa miaka hiyo hiyo. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa na rafu tupu, watu wanapanga foleni ya sukari na sabuni. Ukaja unga wa mahindi ya njano wa msaada kutoka Marekani, Wabongo wakaubatiza ugali wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Shabiki wa Simba alikula hivyo hivyo, afanyeje!

Thamani ya mshahara ikaporomoka. Kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980, mshahara wa mfanyakazi ulipoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kununua. Baba anatoka kazini na bahasha isiyomaliza wiki mbili. Nani akaziba pengo? Mama. Wanawake wa Dar wakaanza miradi: maandazi, barafu, ufugaji wa kuku, na zaidi ya yote chakula kilichopikwa. Mama anabandika sufuria nje ya kiwanda au chini ya mwembe karibu na ofisi, na mabenchi mawili ya mbao. Mteja anafika na sahani mkononi: mama, nitilie. Ukilitamka kwa haraka, kipwani, ndiyo hiyo mama ntilie. Lile ombi la mteja likawa jina la kazi.

Na wakubwa walimshukuruje? Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi. Kila mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi. Maneno mazuri. Lakini mtaani maana yake ilikuwa kwamba asiye na kitambulisho cha kazi inayotambulika ni mzururaji. Watu walikamatwa wakapakiwa kwenye magari wakarudishwa vijijini. Anayeuza chakula cha kumshibisha mfanyakazi, eti yeye hafanyi kazi. Karani anayeandika orodha ya wazururaji saa sita mchana alikwenda kula wapi? Jibu mnalo.

Baadaye, Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985, milango ikaanza kufunguliwa. Ruksa. Biashara ndogo zikaachwa zipumue. Chipsi zikasambaa kila kona, na mayai yakamwagwa juu yake mpaka tukapata zege, chakula cha taifa cha mabachela. Kitimoto nacho kikatafuta kona zake, na hakikuwa jambo dogo: Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa hapa jijini, na meza ya chakula ikawa habari ya ukurasa wa kwanza. Kati yetu wanne wawili ni Waislamu, na hatujawahi kugombana mahali pa kula. Tunachagua sehemu ambayo wote tunakula, basi. Nilidhani hilo ni jambo la kawaida tu. Baada ya kusoma ya 1993 naliona ni kitu cha kulindwa.

Kilimanjaro Hotel ilifungwa, ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena mwaka 2005 kwa jina la Kempinski, sasa ni Hyatt Regency. Miaka ya 2010 ikaja na KFC na majumba ya biashara yenye ngazi zinazopanda zenyewe. Mama ntilie naye akapewa jina la heshima kwenye hotuba, mama lishe. Jina likabadilika lakini mahali pa kubandika sufuria hakupewa. Mwaka 2006 wafanyabiashara wa barabarani wakasafishwa. Desemba 2016 Rais Magufuli akaagiza wasibughudhiwe, na mwisho wa 2018 vikatoka vitambulisho vya shilingi 20,000. Oktoba 2021 wakaondolewa tena. Ukiziweka tarehe hizo kwenye mstari mmoja zinafanana na mtu anayempa mwenzake kiti halafu anakivuta.

Sasa nifike kwangu.

Nilipomaliza chuo nilianza kuandika kwa kulipwa kwa stori. Stori ikitoka unalipwa, ikitoka na malipo yakachelewa, unasubiri. Nyuma ya ofisi yetu kulikuwa na mama mmoja wa Tanga, wali maharage wake ukiwekewa kachumbari juu unasahau mhariri wako. Alikuwa na daftari la kaunta lenye jalada la bluu. Sisi vijana wa stori alituandika humo. Hakuuliza mkataba wala barua ya mwajiri. Aliuliza jina, na siku ukikosa kufika anauliza wenzako kama unaumwa.

Siku ile ya 2021 nilikuwa kazini. Nilitumwa kuripoti uondoaji. Nikaandika idadi ya vibanda, nikanukuu afisa, nikanukuu mfanyabiashara mmoja, nikarudi kuwahi ukurasa. Stori ilitoka na jina langu. Nilipozunguka nyuma ya ofisi kesho yake palikuwa na alama nyeusi za majivu na jiwe moja la figa. Nilikuwa nadaiwa shilingi 18,500.

Sikumtafuta. Nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Namba yake sina, eneo walilopelekwa ni mbali, malipo hayajatoka. Malipo yalitoka, nikanunua viatu. Baadaye nikapata ajira ya kudumu, nikaanza kula kwenye taa hafifu na kuchagua cha bei ya chini huku najifanya nakipenda.

Ndiyo maana soda ya Mwalimu ilinichoma. Ni kweli pale kwa mama hakuna aliyejifanya ameshiba, kwa sababu pale hukuhitaji kuwa na pesa siku hiyo ndipo ukae. Kaiserhof ilikuuliza rangi, na Masaki inakuuliza salio. Yule mama alikuuliza jina tu.

Juzi nimewauliza vijana wa bodaboda wa pale kijiweni. Mmoja anasema yuko Buza, anapika karibu na gereji. Mwingine anasema hapana, yuko Mbagala. Nitaanzia Buza. Pesa nimeshaiweka pembeni, kwenye bahasha, pamoja na nyongeza ya viatu.

Na Jumamosi hii hatuendi Masaki. Mwalimu ametuma ujumbe kwenye kundi letu: tukutane saa saba mchana kwa mama mmoja jirani na shule yake, mabenchi yapo, na atakayetoa pochi atakula kwake. Analipa yeye.

Benki amejibu kwa neno moja: "Nitilie."

Wikiendi njema.