Mackinnon Road kwa Milimita 12
Mpenzi wa treni za mfano hanunui jarida ili atazame injini inayong'aa tu; anataka vipimo, mchoro wa njia za stesheni na sababu ya kila kitu kuwa pale kilipo. Kwa hiyo nashikilia kwamba jarida la aina hiyo, likifanya kazi yake sawasawa, ni historia. Chukua Kaunti ya Kwale, Kenya. Wengi huiwazia Diani na Msambweni, ambako reli ya Uganda haikupita, wakasahau upande wa bara ilikopita: Samburu, Taru, Mackinnon Road. Anayetaka kuiunda njia hiyo mezani ajue kwanza upana wake ni mita 1, yaani milimita 12 hivi kwa kipimo cha 1 kwa 87. Kisha aulizie maji. Nyika ya Taru ni kame, na wajenzi wa miaka ya 1890 iliwabidi waletewe maji kwa treni. Asiyejua hilo hataweka matangi nyuma ya injini. Na pale Mackinnon Road, kando ya reli, pana msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Ukiuacha, umeunda stesheni nyingine.

Atakayesema huu ni mchezo wa wenye pesa ana hoja, maana vifaa ni ghali. Lakini mchoro mzuri humfaa pia mtoto anayeunda treni kwa makopo na vizibo. Makumbusho ya Reli Nairobi yameihifadhi injini Mount Gelai, nayo ni hazina kubwa. Lakini stesheni nzima, na tangi lake na nguzo zake za ishara, haiingii humo. Hiyo huhifadhiwa na mwenye futi ya kupimia.